Keremkerem na Asali ya Mahari

Sina ugomvi na ndege wengine. Kunguru wa Chaani wameninyakulia mandazi mkononi nikawasamehe. Lakini keremkerem, yule mwekundu mwenye kichwa cha samawati na ukanda mweusi machoni, huyo tuna kesi naye. Kwa mwaka mzima na zaidi amekaa kati yangu na harusi yangu, juu ya waya wa stima, mkia wake mrefu unaning'inia, anakula nyuki.

Naeleza, kwa maana nikiishia hapo watu hudhani nimerukwa na akili.

Baba yangu, Mzee Kyalo, alitoka Kitui akiwa kijana akaja kufanya kazi bandarini. Amestaafu, amejenga nyumba hapa Chaani, na kwao harudi ila kwa mazishi. Anakula wali wa nazi, anaunga mkono timu ya mtaa, na akikasirika hukasirika kwa Kiswahili cha Mombasa. Lakini Ruwa alipokuja na wazee wake kutoka Jomvu Kuu kuniposa, Baba alikumbuka ghafla kwamba yeye ni Mkamba.

Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka nikaanza kujipongeza kule jikoni. Mbuzi waligeuzwa pesa bila matata. Blanketi la bibi likakubaliwa. Kisha nikamsikia Baba akikohoa.

"Imebaki asali," akasema. "Mtungi mmoja. Isiwe ya dukani wala ya kununua kwa mtu. Itoke kwenye mzinga wa kijana mwenyewe."

Mzee Tinga, babake Ruwa, ni mgema. Alianza kukwea minazi kabla hajaota ndevu. Aliuliza kwa adabu kama mtungi wa pombe ya mnazi hauwezi kusimama mahali pa asali, kwa kuwa huo ndio wanaoujua kwao. Baba ni mzee wa kanisa. Mama yangu, aliyekuwa akimimina chai, akaacha kumimina.

"Baba mkwe wangu alinidai asali nami nikampelekea," Baba akasema mwishowe. "Fuata nyuki ule asali. Mwanamume asiyeweza kukaa na nyuki atakaaje na mke?"

Na Ruwa, badala ya kuwaachia wazee waendelee kuvutana kama ilivyo desturi, akadakia, "Nitaileta, mzee." Nilishika kichwa. Ruwa anaendesha forklift, ile mashine ya kuinulia mizigo, kwenye ghala moja Changamwe. Habari za nyuki alizokuwa nazo ni za kukimbia tu.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona sare za shule kwenye kibanda changu karibu na stendi, na nalala kwenye chumba cha mwisho cha nyumba ya Baba, chenye mlango wa nje. Baba hubisha mlango huo mara mbili kwa siku. Alfajiri huuliza, "Mwaitu, umeamka?" Jioni huuliza, "Mwaitu, umerudi?" Mwaitu kwa Kikamba maana yake ni "mama yangu", na huniita hivyo kwa sababu jina langu la nyumbani ni la marehemu mama yake. Nikichelewa kuitika hubisha tena, kisha huzunguka dirishani. Nimepita miaka thelathini. Nimemwambia nina simu, nina saa, nina akili, lakini haachi.

Basi utaona kwa nini nilikuwa na haraka na ile asali.

Ruwa aliunda mzinga kwa mbao za paleti kuukuu alizopewa kazini, sanduku lenye kifuniko cha kufungukia juu. Akautundika kwenye shamba la babake, pale minazi inapoishia na mikoko inapoanza, kwa maana mikoko ikichanua nyuki huifuata. Akapaka nta ndani kama alivyoelekezwa, akangoja. Mwezi wa tisa nyuki wakaja wenyewe. Alinipigia simu nikiwa na pini mdomoni, akaiweka simu karibu na mzinga ili nisikie wanavyovuma. Nusura nimeze pini. Siku hiyohiyo nilinunua kitambaa cha gauni la harusi, na usiniulize nilikuwa nafikiria nini.

Novemba akanipigia tena.

"Wamekuja ndege," akasema.

"Ndege gani?"

"Keremkerem. Wekundu, wengi sana. Wanalala huko mikokoni, wakiamka wanajipanga kwenye waya juu ya mzinga wangu. Nyuki akitoka wanamdaka."

"Sasa?"

"Sasa watanijua mie ni nani."

Kuanzia hapo mchumba wangu akawa mtu wa vita. Alining'iniza sidii kuukuu za muziki kuzunguka mzinga ili zimulike, ndege wakaja kujitazama. Alichukua kanda za kwaya za mama yangu, zile za kaseti alizozitunza tangu ujana wake, akazifumua na kuzitandaza kati ya minazi ili zivume kwa upepo. Jumapili ile Mama hakumsalimia. Alitengeneza mtu wa majani akamvika gauni langu la zamani jekundu, na asubuhi yake nikatumiwa picha: keremkerem watatu wamekaa kichwani pa yule mtu, wekundu kwa wekundu, kama wamepata jamaa. Akaamua kutumia manati. Alitoboa tangi la maji la jirani, Bwana Sharif, aliyefika pale bila kelele na kusema, "Mwanangu, ndege wote wale wamekushinda, tangi langu moja hulikosi?"

Kabla ya Krismasi nyuki wakahama. Hawakufa, walihama. Ruwa alifungua akakuta masega meupe matupu. Alikaa chini palepale kwenye matope na suruali yake ya kazi.

Februari likaja kundi jingine, na kabla ya Pasaka nalo likaondoka. Mwisho wa Machi wale wekundu walikwenda zao, huko kwao wanakotoka, nikamshukuru Mungu kwa sauti nikiwa kwenye cherehani. Mei wakaja wengine wa kijani, kichwa cha kahawia, mdomo uleule uliopinda, kazi ileile. Ruwa alisoma kwenye simu yake kwamba hao hutoka Madagaska. Nilimuuliza kama Madagaska hakuna nyuki. Kundi la tatu lililoingia Juni halikuuona mwezi wa tisa.

Kanisani kina mama waliniambia mvumilivu hula mbivu. Mbivu zenyewe zilikuwa zinaliwa na ndege. Gauni nilikuwa nimeshalishona, na nimeshalifumua na kulipanua, kwa sababu mimi nikiwa na hasira hula. Kila jioni baada ya kuuliza kama nimerudi, Baba aliongeza swali la pili: "Na yule mtu wa nyuki?" Nikisema bado, alisema "Haya," na nilisikia kabisa kwamba hakusikitika.

Siku moja nilichoka. Ruwa alikuja kibandani jioni, ananuka moshi, amevimba jicho moja. Nilimwambia shangazi yangu Margret kule Kitui ana mizinga tele, na basi la usiku linaweza kuleta ndoo nzima ya asali bila mtu kujua. Tungeimimina kwenye mtungi, mambo yakaisha.

"Hapana," akasema.

"Nani atajua?"

"Mie nitajua. Nikianza na babako kwa uongo wa asali, nawe utaniaminije?"

"Ruwa, mimi nataka kuolewa. Sitaki tuje kuaminiana nikiwa na miaka hamsini."

"Nipe msimu mmoja," akasema. "Hao ndege nitawamaliza."

Nilimpenda kwa jibu lile na nikatamani kumchoma kwa pini. Vyote viwili kwa pamoja, na hilo ndilo lililonichosha zaidi.

Kundi la nne liliingia Oktoba, kubwa kuliko yote. Novemba wekundu wakarudi. Safari hii sikungoja kupigiwa simu. Jumamosi moja nilifunga kibanda mapema nikaenda Jomvu Kuu mwenyewe, maana nilitaka kumtazama huyo adui usoni na kumwambia maneno yangu.

Ruwa alikuwa bado kazini. Nilimwamkia mamake, nikapewa mhogo wa kuchemsha na ndoo ya kukalia, nikashuka mpaka mwisho wa shamba. Nikageuza ndoo, nikakaa mbali kidogo na mzinga, nikangoja.

Waya ulikuwa na ndege wawili tu.

Ni ndege mzuri, lazima niseme, ingawa kusema kunaniudhi. Mtu angeniletea kitambaa cha rangi ile ningemwambia hakuna mteja Chaani atakayekiamini. Mmoja aliruka, akamdaka nyuki hewani, akarudi kwenye waya na kumbamiza mara kadhaa upande huu na upande huu mpaka mwiba ukamtoka, akammeza. Kisha akakaa kimya kama aliyetoka kwenye ibada. Nilimtukana. Hakujali.

Wengine walikuwa mbali, juu ya maji ya kupwa, wanafukuza kereng'ende. Nilikaa pale alasiri nzima nikila mhogo. Nyuki walitoka, nyuki waliingia, miguu imejaa chavua ya njano. Mara mojamoja keremkerem mmoja alipita, akachukua wake, akaenda. Mzinga ulivuma tu. Nilianza kujiuliza viko wapi hivyo vita nilivyosimuliwa.

Ruwa alifika jioni na sare yake ya kazi. Alifurahi kuniona, akanipa mkono, lakini macho yake yalikuwa kwenye mzinga. Akachukua kopo lake, kopo la maziwa ya unga alilolitoboa matundu, akalijaza makumbi ya nazi makavu, akaliwasha, akalipuliza. Moshi mweupe ukapanda juu ya minazi.

Na hapo wakaja. Kutoka kwenye maji, kutoka mikokoni, kutoka upande wa ng'ambo nisioweza kuuona, wakaja wanaita kwa zile sauti zao za kukwaruza, wakajaza waya mpaka ukalegea. Ruwa hakuinua hata kichwa. Akafungua kifuniko. Nyuki wakamwagika nje kwa maelfu, wamelewa moshi, hawajui pa kwenda, na wale ndege wakashuka juu yao wote kwa pamoja. Ilikuwa karamu. Ruwa akafunika upesi, akaanza kuwarushia makumbi, anazunguka mzinga, jicho limevimba tena.

"Umeona?" akanigeukia anahema. "Umeona wanavyonifanyia? Kila siku ndivyo hivi."

"Walikuwa wapi kabla hujawasha moshi?" nikamuuliza.

"Walikuwa papa hapa."

"Hawakuwa hapa. Mimi nimekaa hapa tangu adhuhuri. Walikuwa wawili."

"Wanajificha."

"Ruwa, ulikuwa unafungua ya nini?"

"Kuangalia."

"Mara ya mwisho uliangalia lini?"

"Asubuhi."

"Na jana?"

"Asubuhi na jioni. Kila siku, Maryanne. Mvua, jua, homa, mie nipo hapa." Alijipiga kifua kidogo. "Mie si mvivu. Baba hajauacha mnazi hata siku moja maisha yake yote. Ukiukata unaurudia asubuhi na jioni, usipourudia kidonda kinafunga, hautoi tena. Kitu chako ukikitaka unakwenda kwacho asubuhi na jioni. Ndivyo nilivyolelewa."

Niliweka mhogo chini.

"Mnazi hauna mabawa, Ruwa," nikasema.

Alinitazama. Nikamwambia niliyoyaona, polepole kwanza, halafu kwa sauti, halafu kwa sauti ya mtu aliyepanua gauni la harusi yake kwa sababu hii. Nilimwambia ndege hawakuwa wanawangoja nyuki, walikuwa wanamngoja yeye. Moshi wake ndio uliowaita. Wamezoea kwamba ukipanda moshi pale, meza imeandaliwa. Nilimwambia kama mimi ningekuwa nyuki, na kila asubuhi na jioni mtu ananing'olea paa la nyumba na kunijaza moshi ili aone kama nipo, nami ningehama, ndege wawepo au wasiwepo.

"Kwa hivyo makosa ni yangu," akasema. "Mwaka wote huu."

"Ndiyo."

"Si ya ndege."

"Ndege anakula. Wewe ndiye unayempikia."

Hakukubali. Alisema mimi ni fundi wa nguo, nyuki nimewajulia wapi. Alisema asipoangalia chungu wataingia, nondo wataingia, wezi wataiba. Alisema babangu atasema yeye ni mvivu. Tulisimama pale tunabishana mpaka Mzee Tinga akaacha kukwea, akatutazama kutoka nusu ya mnazi. Mwisho nilimwaga makumbi kutoka kwenye lile kopo, nikayakanyaga mpaka yakazimika, nikalitia kopo kwenye mkoba wangu lingali moto, nikaondoka nalo. Lilinichoma kupitia nguo na sikugeuka.

Ruwa alinifuata mpaka barabarani.

"Na ndege je?" akauliza.

"Ndege mwachie Mungu. Msikae watu wawili kwenye kazi moja."

Nililiweka kopo chini ya cherehani, karibu na mguu wangu. Kwa majuma mengi baada ya hapo Ruwa, ambaye hakuwa tena na pa kwenda asubuhi na jioni, alikuja kwangu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, anagusa vifungo vyangu, anachanganya nyuzi, anatazama lile kopo. Mara moja aliunyoosha mkono, nikampiga kwa rula.

"Umefungua mzinga?" nilimuuliza kila siku.

"Sijafungua."

"Apa."

"Wallahi."

"Wewe ni Mkristo."

"Basi haki ya Mungu. Nimepita mbali tu, nikasikiliza. Wanavuma."

Kupita mbali tu kulimgharimu. Alikonda. Usiku hakulala vizuri, alisema, kwa kuwaza kama bado wapo. Nilimwambia hivyo ndivyo watu wengine wote wanavyoishi na vitu wanavyovipenda. Na sisemi keremkerem hakuwa na kosa. Aliendelea kula nyuki mpaka siku aliyoondoka, bila aibu. Lakini alikula mmojammoja kama mgeni wa kawaida, na nyuki hawakuhama kwa ajili yake.

Mwezi wa tatu, mvua haijaanza, nilimrudishia kopo aende akarine asali. Alfajiri ya pili yake akaja Chaani na sufuria mbili zilizofunikwa kwa kanga ya mamake. Mikono imevimba yote miwili, anacheka peke yake. Tulikamua pale uani, tukachuja kwa shashi niliyobakiza kwenye gauni. Mtungi ulijaa mpaka mabegani.

Jumamosi wazee walirudi kukaa sebuleni, wale wale. Mimi jikoni, kama inavyotakiwa, sikio kwenye pazia. Ruwa aliuweka mtungi mbele ya Baba akarudi nyuma. Baba alichovya kidole, akaonja.

"Ni asali," akasema.

Nilimsikia Mzee Tinga akishusha pumzi.

"Lakini haijafika shingoni," Baba akaendelea. "Tazameni. Imeishia mabegani. Kwetu mtungi ni mpaka shingoni. Sina haraka. Kuna msimu mwingine unakuja, kijana atajaza."

"Sawa, mzee," Ruwa akasema, kwa sauti ndogo sana.

Binti anayeposwa haingii sebuleni wazee wakizungumza. Najua. Mama alinishika mkono, nikautoa. Niliinua pazia nikaingia na aproni yangu, mikono ina unga.

"Shikamooni," nikasema. "Baba, naomba nikuulize jambo moja. Unajua kwa nini nyuki walikuwa wanamkimbia Ruwa?"

"Ndege," Baba akasema. Alikuwa ameshangaa mno kuweza kunifukuza.

"Si ndege. Ni kwa sababu aliwapenda. Aliogopa wataondoka, basi akawa anafungua kifuniko kuhakikisha kama wapo. Alfajiri anafungua, wapo. Jioni anafungua, wapo. Wakachoka, wakaenda. Walikaa siku alipoacha kufungua."

Baba aliutazama mtungi.

"Alfajiri na jioni, Baba," nikasema tena. Nilitaka kusema zaidi, nilikuwa na maneno ya mwaka mzima, lakini niliishia kufuta unga kwenye aproni.

Mama ndiye aliyeelewa kwanza, kwa maana alitazama chini. Baba alielewa baadaye. Niliona inavyomfikia, polepole, kama mtu anayetafuta miwani na kuigusa iko usoni pake. Wazee wa Ruwa hawakujua kinachoendelea, wakanywa chai yao. Baba alichovya kidole mara ya pili, akaonja kwa muda mrefu, na macho yake yakawa na maji. Akaufunika mtungi kwa kiganja.

"Josephine," akamwambia Mama, "iweke ndani asali ya watu."

Hivyo ndivyo nilivyoolewa, au nitakavyoolewa, maana harusi ni Agosti na gauni limepunguzwa tena. Nilidhani nitafurahi moja kwa moja. Usiku ule nililala nikiwa nimechoka na furaha na hasira iliyobaki, isiyokuwa tena na pa kwenda.

Kesho yake alfajiri niliamka kwa mazoea kabla ya kubishwa, nikajilaza nikingoja. Adhana ya Chaani ikaisha. Malori yakaanza kuunguruma barabarani. Ile saa yake ikafika, na hakuna aliyebisha. Nilikasirika. Ndiyo, mimi niliyelalamika kwa miaka yote, nilikasirika kwamba hakubisha, na nikaanza kujiuliza kama anaumwa.

Kisha nikasikia makubadhi yake. Yalitoka mlango wa mbele, yakajikokota uani taratibu, yakaja mpaka mlangoni kwangu, yakasimama. Nilimsikia anavyopumua upande wa pili wa mbao. Nilifungua mdomo nimwambie nimeamka, Baba, nipo.

Makubadhi yakageuka, yakarudi yalikotoka.